A Fish Called Wanda: filamu iliyowasikiliza watazamaji, isipokuwa wale iliowacheka

Katika A Fish Called Wanda, filamu ya vichekesho ya Uingereza iliyotoka mwaka 1988, kuna mbwa mdogo anayekufa kwa kupondwa. Mwongozaji wake, Charles Crichton, alitaka kifo hicho kionekane sawasawa. Yakaletwa matumbo kutoka kwa muuza nyama, yakapangwa kando ya mzoga wa bandia, kamera ikasogezwa karibu. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, ukumbi uliokuwa ukiangua kicheko ukanyamaza ghafla. John Cleese, aliyeiandika filamu na kuigiza ndani yake, amekisimulia kisa hicho hadharani: ilibidi picha ile iondolewe, ikabaki ya mbwa aliyelala bapa kama chapati, na watu wakacheka tena.

Filamu hii ilisukwa kwa kusikiliza kumbi za namna hiyo. Palipochekwa pakaachwa, palipopoa pakarekebishwa. Hata hivyo ilipotoka iliwaumiza watazamaji ambao hakuna aliyewaalika kwenye majaribio hayo, nao ni watu wenye kigugumizi. Sisi tunaoipenda tumekuwa tukiitetea miaka yote hii kwa hoja ambayo, nionavyo mimi, ni kweli nusu. Nataka kukipitia kisa chote, kwa sababu mabishano juu ya filamu hii huishia njiani: huyu atasema ni kazi ya kipaji, yule atasema ni ya kikatili, basi.

Kwa asiyeiona, mambo yako hivi. Wezi wanne wanavamia duka la vito Hatton Garden, mtaa wa wauza almasi jijini London. Mpangaji ni George, jambazi wa Kiingereza wa mtindo wa zamani. Msaidizi wake ni Ken, anayeigizwa na Michael Palin: mtu mpole, mpenda wanyama, mwenye kigugumizi kikali, anayefuga samaki na kumpa mmoja wao jina la mwanamke anayemhusudu kimyakimya. Mwanamke huyo ni Wanda, Mmarekani, anayeigizwa na Jamie Lee Curtis. Wa nne ni Otto, ambaye Kevin Kline amemwigiza kwa nguvu zote za mwili wake. Otto anatambulishwa kuwa kaka yake Wanda, kumbe ni mpenzi wake.

Wizi wenyewe unamalizika mapema sana. Muda wote unaobaki ni usaliti. Wanda na Otto wanapiga simu polisi, George anakamatwa, halafu wanagundua kwamba naye alikwisha kuzihamisha almasi. Ufunguo anao Ken, ameuzamisha kwenye tangi la samaki. Wanda anaamua njia ya kuzifikia ni wakili wa George, Archie Leach, ambaye ni Cleese mwenyewe: mwanamume mrefu mwenye heshima zake, ndoa iliyopoa, na nyumba ambamo hakuna anayemsikiliza. Jina Archie Leach ndilo jina la kuzaliwa la Cary Grant, nyota wa Hollywood, na wapenzi wa sinema za zamani hulitambua mara moja. Halafu kuna bibi mmoja mwenye mbwa watatu wadogo, shahidi pekee aliyemwona George. Ken anaagizwa amuue huyo bibi. Kila akijaribu, anakufa mbwa.

Kazi ya mzee Crichton

Crichton alizaliwa mwaka 1910. Mwaka 1951 aliongoza The Lavender Hill Mob, ambamo karani wa benki anaiba dhahabu na kuiyeyusha iwe sanamu ndogo za mnara wa Eiffel. Alipopewa kazi ya Wanda alikuwa na zaidi ya miaka 75, na hakuwa ameongoza filamu ya sinema kwa zaidi ya miaka 20. Ukiitazama bila kujua hilo huwezi kuamini. Filamu inakwenda mbio lakini haina papara. Kamera inasimama mahali pamoja na kuwaachia waigizaji nafasi, na kila kitu kidogo kinacholetwa mwanzoni (ufunguo, samaki, lugha za kigeni zinazompandisha Wanda ashiki) kinarudi baadaye na kazi yake. Tuzo za Oscar zilimteua mwaka 1989 kuwa miongoni mwa waongozaji bora, na yeye na Cleese wakateuliwa kwa uandishi.

Watazamaji waliitikia vilevile. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 8 ilikusanya zaidi ya dola milioni 60 Marekani na Kanada peke yake. Roger Ebert, mchambuzi wa Chicago, aliipa nyota 4, kiwango chake cha juu kabisa. Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliiweka nafasi ya 21 katika orodha yake ya filamu 100 za kuchekesha. Kwa kichekesho kilichojaa mawakili wa London na wigi zao, si haba.

Kwa nini tunacheka mbwa wakifa

Wengi wanaoikumbuka filamu hii huanza na mbwa, kama kuchukia wachukie hapo, kama kucheka hadi machozi wacheke hapo. Ni jambo la kutafakari kwamba wanaomlilia bibi ni wachache. Bibi naye anakufa; mbwa wa tatu anapopondwa na kitu kizito kilichodondoka kutoka juu, moyo wake unashindwa. Kwa Ken hiyo ni habari njema, kazi imekwisha.

Nimeitazama sehemu hiyo kwa makini nikitaka kujua inafanyaje kazi, na jibu langu ni hili: mbwa wanachekesha kwa sababu Ken analia. Angekuwa Otto anayewaua, tusingecheka hata kidogo. Ken ni mtu ambaye hawezi kuona kiumbe akiteseka, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuua. Kuna mazishi ya mbwa, ya heshima kabisa, na kwaya ya watoto inaimba, huku Ken amejificha pembeni akibubujikwa machozi kwa alichokitenda. Kicheko kinatoka kwenye majuto yake. Ndiyo maana matumbo yale yaliharibu kila kitu. Yalimtoa mtazamaji kwa Ken, yakamlazimisha amtazame mbwa.

Hapo watazamaji wa majaribio walikuwa sahihi, na waandaaji walifanya vema kuwatii.

Mwisho uliobadilishwa ni suala jingine. Katika toleo la mwanzo mapenzi ya Wanda kwa Archie hayakuwa ya kuaminika, na filamu ilifunga kwa uchungu zaidi. Watazamaji hawakuridhika. Walitaka Wanda ampende Archie kwa dhati, basi sehemu zikapigwa upya na akampenda. Sasa wanaondoka pamoja kwa ndege na almasi zao, na maandishi ya mwisho yanatuambia walioana Rio, wakazaa watoto 17 na kuanzisha makazi ya wakoma.

Naelewa kwa nini ukumbi ulitaka hivyo. Archie ameteseka, ametupa ndoa na kazi, na tunamwonea huruma. Ila Wanda ndiye mwenye akili kuliko wote katika filamu nzima. Wanaume wanne wanadhani kila mmoja ni wake peke yake, naye anawapanga kama anavyotaka: George gerezani, Ken na samaki wake, Otto na bastola yake, Archie na sheria zake. Jamie Lee Curtis anamwigiza bila kumdhalilisha. Hata kwenye tukio la mtu kuvuliwa nguo, anayevuliwa ni mwanamume. Archie anacheza uchi huku akitamka Kirusi kwa majigambo, familia isiyomjua inaingia, naye anabaki na picha ya kujifunika. Mwanamke wa namna ya Wanda kumalizwa kwa sentensi moja ya watoto 17 ni hasara. Najua ni mzaha, lakini mzaha huo umewekwa pale kufunika kisu kilichoondolewa.

Otto, na Afrika Kusini ya mwaka 1988

Kevin Kline alishinda Oscar ya mwigizaji bora msaidizi kwa nafasi ya Otto. Tuzo hiyo huwaendea waigizaji wa misiba na machozi. Mchekeshaji kuipata ni nadra. Aliistahili. Otto ni mjinga anayejiona msomi. Anamsoma Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani. Anazungumza Kiitaliano ambacho ni majina ya vyakula. Hawezi kuvumilia kuitwa mjinga, na anayemwita hivyo anaadhibiwa. Kuna mahali Wanda anachoka na kumsomea makosa yake moja baada ya jingine: Aristotle hakuwa Mbelgiji, mafundisho makuu ya Ubudha si kila mtu na lwake, na reli ya chini ya ardhi ya London si chama cha siasa. Otto anasikiliza kama mtoto aliyenyimwa chakula.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni la dirishani. Archie amemtukana Otto, na Otto anataka kuombwa radhi. Kamera inatuonyesha uso wa Cleese karibu. Anaomba radhi kwa sauti tulivu, kwa lugha ya mahakamani kabisa. Anafuta kauli yake yote, anakiri kwamba haikuwa na msingi wowote, anasikitikia usumbufu uliompata mlalamikaji na familia yake, anaahidi kutoirudia wakati wowote ujao. Halafu picha inageuka na tunaona ananing'inia dirishani kichwa chini miguu juu, Otto amemshika vifundo. Hapo Uingereza na Marekani zinachekwa pamoja, ile kwa adabu isiyoisha hata mtu akikaribia kufa, hii kwa ubabe wa anayedai heshima kwa nguvu. Archie anamweleza Wanda mahali pengine jinsi Waingereza wanavyoishi kwa hofu ya aibu, wakiogopa hata kumuuliza mtu kama ameoa wasije wakaambiwa mkewe amemkimbia asubuhi. Mtu aliyelelewa kwa haya, kama wengi wetu tulivyolelewa, anamwelewa Archie pasipo kufafanuliwa.

Maandishi ya mwisho yanasema Otto alihamia Afrika Kusini akawa waziri wa sheria. Vijana wanaoitazama leo wanaipita sentensi hiyo bila kugutuka. Mwaka 1988 ilikuwa kali. Mandela alikuwa bado mfungwa. Juni ya mwaka huo uwanja wa Wembley ulijaa watu kwa tamasha la miaka yake 70, na filamu ikaingia kumbi za Uingereza miezi michache baadaye. Kwa mtazamaji wa Tanzania wa siku hizo, ambaye nchi yake ilikuwa imewapa ANC, chama cha ukombozi cha Mandela, ardhi ya shule Mazimbu, Morogoro, sentensi hiyo ingekuwa na uzito wa pekee. Na haikuchomekwa tu. Otto anaabudu nguvu, anawadharau wanyonge, anasoma falsafa na kuielewa kinyume, halafu anadai aitwe mwerevu. Serikali ya makaburu ilikuwa na nafasi ya mtu kama huyo. Siijui sentensi nyingine ya filamu ya vichekesho ya wakati ule iliyousema ubaguzi wa rangi kwa maneno machache kiasi hicho.

Waliochekwa

Sasa Ken. Vyama vya watu wenye kigugumizi, Marekani na Uingereza, vililalamika filamu ilipotoka. Hoja yao haikuwa ngumu kuelewa: kigugumizi cha Ken kimetumiwa kuchekesha, na kesho yake shuleni atakayelipia ni mtoto anayeshindwa kutamka jina lake wakati mwalimu anaita mahudhurio.

Utetezi nao unajulikana, nami nimeutoa mara nyingi. Anayemtania Ken ni Otto, na Otto ndiye mpumbavu wa hadithi. Filamu haisimami upande wake hata mara moja. Ken ndiye mwaminifu pekee kati ya wezi wote, na ndiye pekee anayempenda kiumbe bila kutaka kitu. Otto anapomfunga kitini, akamtia chipsi puani na kuanza kuwala samaki wake mmoja mmoja ili aseme almasi ziko wapi, hakuna mwenye moyo asiyekuwa upande wa Ken. Tena Palin hakukiokota kigugumizi hicho mtaani. Baba yake mzazi alikuwa nacho maisha yake yote, na nyumbani kwao halikuwa jambo la kuzungumzwa. Ken amejengwa kutokana na mtu ambaye Palin alimpenda. Palin alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji msaidizi kwa kazi hiyo, na ukimtazama shingo, taya na macho yake wakati neno limekwama, unaona ametazama kwa miaka mingi.

Yote hayo ni kweli. Lakini hayafiki mwisho, kwa sababu kuna tukio ambalo Otto hayumo. Karibu na mwisho Archie anahitaji kujua almasi ziko hoteli gani. Ken anajua. Muda unayoyoma, ndege itaondoka, na jina la hoteli halitoki. Archie, ambaye ni mtu mwema, anamwambia atulie, hakuna haraka, huku uso wake ukisema haraka ipo kubwa mno. Ukumbi unacheka, na hapa hakuna mjinga wa kubebeshwa lawama. Kinachochekwa ni neno lililokwama, basi. Watetezi hujibu kwamba tunamcheka Archie na subira yake ya kulazimisha. Kwa sehemu, ndiyo. Ila mtu mwenye kigugumizi ameshaona uso wa Archie mara nyingi maishani: kwa karani wa dirishani, kwa mpiga simu, kwa jamaa anayekumalizia sentensi. Kwake tukio hilo si geni hata chembe, na kumwambia kwamba anayechekwa ni yule mwingine ni kumwomba akae kiti ambacho si chake.

Ukweli wa kitabibu nao unaongeza uzito. Kigugumizi kwa kawaida huanza utotoni, mara nyingi kati ya miaka 2 na 5. Hutembea katika familia. Hakiletwi na woga wala udhaifu wa akili, ingawa woga unaweza kukikaza. Watoto wengi hukiacha wakikua. Takriban mtu mzima 1 kati ya 100 huendelea kuishi nacho. Ni watu wengi. Katika ukumbi wa watu 300 wanaweza kuwa watatu, wamekaa kimya wenzao wakicheka.

Palin alifanya jambo ambalo naliheshimu kuliko utetezi wowote. Baada ya filamu, watu waliokuwa wakitafuta namna ya kuwasaidia watoto wenye kigugumizi walimwomba jina lake, akakubali, na mwaka 1993 kikafunguliwa London kituo kilichoitwa Michael Palin Centre for Stammering Children. Kiko Clerkenwell, mwendo wa miguu tu kutoka Hatton Garden ambako Ken na wenzake waliiba. Wataalamu wa tiba ya usemi hukaa hapo na mtoto na wazazi wake, na wazazi nao hufundishwa namna ya kumsikiliza mtoto anapokwama. Palin ameendelea kukiunga mkono kwa miongo kadhaa.

Cleese na wenzake walirudi pamoja mwaka 1997 na Fierce Creatures, hadithi ya bustani ya wanyama. Safari hiyo nayo watazamaji wa majaribio walikataa mwisho, mwongozaji mwingine akaitwa, sehemu kubwa ikapigwa upya. Walitiiwa kila walichosema, na filamu haikufikia hata robo ya mapato ya Wanda huko Marekani. Ukumbi wa majaribio unaweza kukuonyesha kinyaa kimeanzia wapi. Hadithi nzuri hauwezi kukuandikia, na wasioalikwa hauwezi kuwasemea.

Sehemu inayonisumbua zaidi katika filamu ninayoipenda ni fupi sana. Uwanja wa ndege wa Heathrow, Otto amenasa kwenye saruji mbichi, Ken anamjia polepole na mtambo wa kushindilia barabara, analipiza kisasi cha samaki wake. Ushindi mtamu, uliongojewa filamu nzima. Papo hapo Ken anagundua kwamba kigugumizi kimetoweka, anatamka maneno magumu mfululizo kwa furaha, na maandishi ya mwisho yanasema alikuja kuwa mshereheshaji. Kana kwamba kigugumizi kilikuwa hasira iliyofungiwa, na mtu akithubutu mara moja tu kinamwachia. Hicho ndicho wanachoambiwa watoto hao kila siku na watu wasiojua: jikaze, acha woga, utaongea. Maneno yale yangeondolewa, filamu isingepungukiwa na kicheko hata kimoja. Ken angemshinda Otto na kigugumizi chake kikiwa palepale, angeshuka kwenye mtambo na kumweleza Archie yaliyotokea, kwa muda wake, na safari hii Archie angemsubiri.